Aliye Mlangoni Hasikiki

Wanyoike alikuwa na ulimi. Hata waliomchukia walikubali hilo, na Jumapili ile Kavindu alikuwa wa kwanza kwenye foleni ya waliomchukia. Kazi yake Wanyoike ilikuwa kuwafundisha mawakala wa bima namna ya kuongea na mtu asiyetaka bima mpaka aitamani, na alikuwa na tabia mbaya ya kuibeba kazi hiyo kila aendako, hata sebuleni kwa mama yake. Kwa hivyo hakuna aliyeshangaa alipoegemea kile kiti kikubwa cha marehemu baba yake, hapo mtaani Membley, akasema kwamba sura aliyoiandika Kavindu itolewe kitabuni.

Kitabu chenyewe kilikuwa cha mchezo. Si karata wala drafti, bali ule mchezo wa watu kukaa pamoja na kujifanya watu wengine, mmoja mjane, mwingine mwenyekiti wa kamati, mwingine mzee wa kanisa, dadu ikiamua pale maneno yanapogongana. Waliuita Kikao. Haukuwa na mapanga wala mazimwi. Vita vyake vyote vilikuwa vya watu waliokaa chini: wazee wakibishania mahari, ndugu wakigombania kiwanja, kamati ya maji ikimng'oa mweka hazina. Walikuwa wameutunga pamoja kwa muda mrefu katika sebule hiyohiyo, na kesho yake asubuhi Gurjeet, ambaye familia yake ina duka la vifaa vya ujenzi mjini Thika, angeupeleka kwa binamu yake mwenye mashine ya kuchapa vitabu. Kikishachapwa kimechapwa. Lililobaki nje lingebaki nje.

Sura ya Kavindu iliitwa Nafasi na Mwendo, na ilisema jambo ambalo Wanyoike hakulipenda tangu mwanzo: kwamba katika kikao, mahali ulipokaa panaongea kabla yako. Chumba kina nafasi tatu, yaani mlangoni, katikati na mezani. Aliye mlangoni hasikiki mezani. Anasikika katikati tu, na mtu wa katikati akitaka atayapeleka maneno yake mbele, asipotaka atayameza. Anayetaka kusikika lazima asogee, nafasi moja kwa zamu moja, na hawezi kupita penye mtu aliyekaa mpaka huyo ampishe. Anayeinuka amepoteza kiti. Na hakuna vifuniko vya soda vya kusukuma juu ya karatasi. Sebule ndiyo ramani, na mwili wako ndio kete. Ukianza kikao, hakisimami mpaka mwenye funguo za mezani, yaani aliyekaa kiti kikubwa, aseme neno moja, chai. Atakayekuwa nazo wakati huo ndiye mshindi.

"Kavi, hii kitu yako inaboesha watu," Wanyoike alisema. "Ugomvi ni maneno. Mtu akijua kuongea, hata umweke juu ya mti atasikika."

Kavindu alikuwa mpokea wagonjwa kwenye kliniki ya meno huko Thika. Siku nzima aliwaangalia watu wakichagua viti, nani anakaa karibu na mlango wa daktari, nani anajibana kwenye kona kana kwamba ameomba msamaha kwa kuumwa na jino. Lakini sura yake haikutoka kliniki. Ilitoka nyumbani kwao Kiganjo, mwaka ule baba yake alipozikwa, na wote waliokuwa sebuleni walilijua hilo, maana aliwahi kuwasimulia siku moja mvua ilipowafungia ndani. Wajomba na ami walikuja kuongea juu ya nyumba. Mama yake aliwekewa kigoda mlangoni, ili awe karibu na jikoni, walisema. Ami yake Nzuki alikaa mezani, funguo za nyumba mbele yake, akanyoosha miguu hadi kwenye kochi. Kila mama alipotaka kusogea aliikuta ile miguu. Na kwetu huku mtu haruki miguu ya mwenzake. Watoto huambiwa ukirukwa hutakua mpaka aliyekuruka arudi alikotokea, na mjane akiiruka miguu ya shemeji yake mbele ya watu, huyo amejimaliza mwenyewe. Mama akabaki mlangoni. "Naomba na mimi nisikike," alisema, na hakuna aliyegeuza shingo. Kavindu alikuwa amesimama na trei ya vikombe, akaona yote. Sasa wanapanga nyumba, yeye na mama yake, si mbali na ile waliyojengewa na baba.

Kwa hivyo Kavindu hakuvumilia sura hiyo kuitwa kitu cha kuboesha. Alimwambia Wanyoike kwamba sura ikitoka, na yeye anatoka. Wanyoike akajibu kwamba mlango ni ule pale. Emmaculate, nesi wa zahanati moja ya Ruiru, akawaomba waache utoto. Opiyo, fundi wa simu kutoka Kimbo, aliyekuwa anakula njugu za mwenyeji na kwa hivyo hakutaka kumuudhi, akatazama dari.

Gurjeet ndiye aliyekata shauri. Yeye hakuwa mtu wa kelele. Aliweka kalamu yake juu ya muswada na kusema kwamba kanuni hazihukumiwi kwa mdomo, zinahukumiwa kwa kuchezwa. Wacheze kikao kimoja, kanuni za Kavindu zote zikiwa kazini. Wanyoike akimaliza na funguo mkononi kwa nguvu ya maneno yake, sura inatoka. Kavindu akimaliza nazo, inabaki, na mtu asiifungulie mdomo tena. Yeye mwenyewe angekuwa mwamuzi.

"Sawa kabisa," Wanyoike alisema. "Lakini mimi nachagua hadithi."

Akachagua. Aliichagua akimtazama Kavindu usoni, bila haya. Mume amefariki, alisema. Funguo za nyumba ziko mezani. Shemeji mkubwa amekaa kiti kikubwa, huyo nitakuwa mimi. Opiyo ni ndugu yake mdogo, akae mezani pia. Emmaculate ni wifi, akae kwenye kochi katikati. Na mjane, kigoda kile cha mlangoni kinamtosha.

Emmaculate alianza kusema kwamba hiyo si haki, lakini Kavindu alikuwa ameshachukua kigoda. Hasira ilimpanda mpaka masikioni, na pamoja na hasira kulikuwa na kitu kingine asichotaka kukiona, yaani hamu. Tangu akiwa na ile trei alitaka kukicheza kikao hiki.

Wanyoike aliweka funguo za gari la mama yake mezani, na kikao kikaanza.

Kusema kweli alikuwa hodari. Aliingia kwenye sauti ya shemeji mkubwa kama mtu anayevaa koti lake mwenyewe. Alimsifu marehemu, akalia kidogo, akasema nyumba ni ya ukoo na ukoo hauwezi kumtupa mjane, utamtafutia chumba. Opiyo alitikisa kichwa kila pahali palipohitaji kutikiswa. Kavindu alisema maneno yake mlangoni, kwamba bati lile alilinunua yeye kwa kuuza mayai, na maneno yalifika kwa Emmaculate na kusimama hapo. Emmaculate alirusha dadu ili ayapeleke mbele. Dadu ikakataa. Aliyafikisha mezani yakiwa yamekonda, kwamba mjane anasema alisaidia kidogo.

"Alisaidia, nani amekataa?" Wanyoike alisema kwa upole mtupu. "Hata ng'ombe husaidia."

Zamu ilipomfikia, Kavindu alisogea katikati, akakaa kwenye kochi kando ya Emmaculate. Hiyo aliruhusiwa. Sasa ilibaki nafasi moja tu, na njia ilikuwa moja tu, ule upenyo kati ya kochi na kiti kikubwa, kwa kuwa upande wa pili kabati la televisheni lilikuwa limeziba. Wanyoike aliutazama ule upenyo. Kisha, polepole, akajinyoosha, akapishanisha vifundo vya miguu, na visigino vyake vikatua kwenye mguu wa kochi.

Hakuna kanuni iliyomkataza. Kavindu ndiye aliyeziandika, na aliziandika kwa ukweli. Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole.

Kuanzia hapo hakukuwa na kikao, kulikuwa na miguu tu. Zamu ya Kavindu ilikuja, akaomba apishwe. Wanyoike akasema anaumwa na goti. Zamu ilikuja tena, akaomba tena, na Wanyoike akamuuliza Opiyo kama amesikia matokeo ya mpira. Opiyo alicheka, halafu akaona uso wa Emmaculate, akaacha. Na Wanyoike angeweza kusema chai akamaliza, lakini ushindi ulikuwa umemlevya, akafanya jambo ambalo hakulazimika kulifanya. Alibana sauti ikawa nyembamba, sauti ya mama mtu mzima anayetetemeka.

"Naomba na mimi nisikike," alisema, akatabasamu.

Emmaculate alishika mkono wa Kavindu. Gurjeet alimwambia Wanyoike kwa Kiingereza chake cha taratibu, kisha kwa Kiswahili ili aelewe vizuri, kwamba hiyo ilikuwa chafu. Wanyoike akainua mabega. Hadithi ni hadithi, alisema, nani hapa ana roho ndogo? Kavindu alikuwa anaitazama ile miguu, soksi za kijivu, moja imetoboka kidoleni, na kwa mara ya kwanza maishani alielewa jinsi mtu anavyoweza kumchukia mwingine kuanzia chini.

Hapo ndipo honi ilipolia getini.

Mama Wanyoike alikuwa anatoka kanisani, na siku hiyo kulikuwa na mnada wa mavuno. Aliletwa na mama mwenzake, akashushwa mlangoni na nusu gunia la viazi, mkungu wa ndizi, na kiondo kilichojaa hadi kikakataa kufungika. Alisukuma mlango kwa kiwiko, akasimama pale penye kigoda, jasho likimtoka chini ya kitambaa cha kichwa.

"Niaje watoto," alisema, kwa sababu alipenda kuwachekesha kwa maneno ya vijana. "Mnishikie, mgongo umekwisha."

Sasa fikiria ni vijana gani waliokuwa mle. Hakuna hata mmoja aliyelelewa kukaa huku mama wa watu amesimama na mzigo. Magoti ya Kavindu yalianza kunyooka yenyewe. Kwao angeshapokea kiondo kabla mama hajamaliza salamu, na hapa yeye ndiye mgeni wa kike aliyekuwa karibu zaidi, na mama alikuwa anamtazama yeye. Lakini akiinuka aende mlangoni, amerudi mlangoni. Alijishika kwenye kochi. Emmaculate kando yake alikuwa amejishika vilevile, kwa ajili yake, macho chini. Opiyo alikuwa na mdomo uliojaa njugu. Gurjeet, mwamuzi, alikuwa ameinamia muswada kana kwamba anasali.

"Kavindu," mama alisema, sauti yake ikipungua kicheko, "leo huamki?"

Aibu ilimchoma Kavindu kama mafuta ya moto. Hakuamka.

"Wanyoike!" mama aliita.

Na Wanyoike akaenda. Hakufikiri. Hakuna mtoto wa mama anayefikiri akiitwa hivyo. Alivuta miguu, akaruka kutoka kwenye kiti kikubwa, akasema "Pole, mami," na kufika mlangoni kwa hatua za haraka, akatwaa gunia na kulitua juu ya kigoda. Funguo zilikuwa mezani. Neno lilikuwa lake, angelisema kabla hajainuka na kila kitu kingesimama, chai, neno dogo ambalo hata mgonjwa hulitamka. Hakulisema. Mtu mwenye maneno yote yale alikosa moja.

Kavindu aliinuka. Zamu ilikuwa yake, na upenyo ulikuwa wazi. Alipita, akachukua funguo, akakaa kwenye kiti kikubwa.

Mama Wanyoike alimwona. Alikiangalia kile kiti, ambacho tangu mumewe afe hakuna aliyekikalia ila mwanawe, akamwangalia msichana aliyeshindwa kuinuka kumpokea kiondo na sasa ameinuka kwenda kukaa hapo. Alibana midomo. Akachukua kiondo chake mwenyewe na kuingia jikoni, na sufuria zikaanza kugongana huko kwa namna ambayo kila mtu aliielewa.

Wanyoike alipogeuka, uso wake ulikuwa bado wa mtoto anayesaidia mama. Ulibadilika taratibu.

"Toka hapo," alisema.

Gurjeet alisema kwamba kikao hakijafungwa. Wanyoike akasema asiletewe ujinga, yule ni mama yake mzazi, si mchezo. Gurjeet akamuuliza kama alisema chai. Wanyoike akasema hakuna mtu anayeweza kumwambia mama yake asubiri kwa ajili ya mchezo. Gurjeet akakubali, hakuna, na akasema hata shemeji mkubwa huwa na mama. Halafu, bila kuinua sauti, akaongeza jambo lililouma zaidi.

"Na hata ungebaki umekaa, Wanyoike. Ulikuwa unashinda kwa miguu. Maneno uliyaacha zamani. Sura inabaki."

"Inabaki kama atamaliza nazo," Opiyo alisema, kwa kuwa ndiyo ilikuwa kanuni, na ndugu mdogo wa mezani hupenda kuonekana anajua kanuni. "Hajasema chai."

Wote wakamtazama Kavindu. Alikuwa na funguo kiganjani, zikiwa na joto la jua la dirishani. Alifungua mdomo aseme lile neno, amalize, aende jikoni kumwomba mama wa watu msamaha na kumenya viazi. Ndivyo alivyokusudia. Lakini kiti kilikuwa kizuri. Kiliushika mgongo wake wote. Kutoka pale sebule ilionekana tofauti kabisa, kila mtu amegeuzia uso huku, na mlango ulionekana mbali kuliko alivyojua.

Akafunga mdomo.

Wanyoike alisukuma gunia la viazi kando, akakaa kwenye kigoda, kwa sababu zamu yake ya kusogea ilikuwa haijafika na kusimama kulikuwa kumeanza kumfanya aonekane kama mtu anayeomba kazi. Magoti yalimfika kifuani. Akaanza kuongea. Aliongea juu ya nyumba hii ni ya nani, na nani aliyeanzisha hii kitu, na nani aliyewaita wengine wakiwa hawajui dadu ni nini. Aliongea vizuri, kama kawaida yake. Kavindu alichukua njugu moja kwenye bakuli. Akamuuliza Opiyo kama amesikia matokeo ya mpira.

Opiyo alisita, akamtazama mwenye kigoda, akamtazama mwenye kiti.

"Bado," akamjibu mwenye kiti.

Wanyoike aliiacha mikono ining'inie katikati ya magoti, na alipoanza tena haikuwa ile sauti ya kuuza bima. Ilikuwa sauti ambayo hawakuwahi kuisikia kwake, isiyo na mpangilio.

"Kavi, tuache gemu kidogo. Ile kitu nimesema, ya mamako. Hiyo haikuwa poa. Sijui nilikuwa nafikiria nini. Pole. Naongea na wewe, Kavi, si mjane. Pole."

Kavindu aliyasikia yote. Sebule haikuwa kubwa kiasi hicho. Aligeuza funguo kiganjani, moja baada ya nyingine, macho yakiwa dirishani.

Emmaculate alingoja. Kisha, kwa vile alikuwa katikati na kazi ya wa katikati ni kupeleka, akainama mbele na kusema polepole, bila kurusha dadu.

"Kavi. Anasema pole."

Jikoni mama alikuwa ameacha kugonga sufuria. Wanyoike aliinuka kutoka kwenye kigoda, akafika kwenye kochi, akataka kupita aende mezani aiseme pole yake mwenyewe, uso kwa uso.

Kavindu alinyoosha miguu.